Lenzi Kavu na Azimio la Hadubini: Istilahi za Kiswahili katika Kituo cha Pamoja cha Hadubini

Ikisiri

Makala haya yanachunguza istilahi za Kiswahili zinazohitajika katika kituo cha pamoja cha hadubini za mwanga, yaani mahali ambapo watafiti wa idara mbalimbali hutumia kwa zamu vifaa ambavyo aghalabu hakuna mmoja wao angeweza kuvinunua peke yake. Yanadai kuwa istilahi ya kifaa haina budi kuanzia kwenye kazi ya kifaa hicho, wala si kwenye neno la Kiingereza linalokitaja. Hoja hii inatetewa kwa mifano ya lenzi, ukuzaji, upambanuzi, rangi zinazong'aa na huduma za kituo chenyewe. Mwishoni yanapendekezwa maneno machache pamoja na njia ya kuyajaribu.

1.0 Utangulizi

Miaka miwili iliyopita, rafiki yangu anayesomea biolojia alinijia na ombi. Kituo cha hadubini alimofanyia utafiti wake kilikuwa kimepokea wageni wanne wa mafunzo, wawili kutoka Tanzania na wawili kutoka mashariki mwa Kongo. Wakongo walikuwa wamesomea sayansi kwa Kifaransa, Watanzania kwa Kiingereza, naye fundi wa kituo hakujua Kifaransa hata neno moja. Lugha pekee waliyoshiriki wote ilikuwa Kiswahili. Niliombwa nifasiri kurasa tatu za maelekezo. Nilikubali kwa furaha, nikifikiri kwamba mwanafunzi wa uzamili katika fasihi hawezi kushindwa na kurasa tatu.

Katika kurasa hizo palikuwa na maneno "dry objective", ambalo ni jina la lenzi isiyotumiwa pamoja na mafuta. Mimi nikaandika "lenzi kavu". Siku ya tatu, mmoja wa wageni alitia tone la mafuta kwenye lenzi hiyo. Alipoulizwa sababu, alijibu kwa unyofu kwamba karatasi ilisema lenzi ni kavu, naye ajuavyo, kitu kikavu hutiwa mafuta. Fundi alitumia sehemu kubwa ya alasiri akiisafisha kwa karatasi maalumu ya lenzi, nao watafiti wawili waliokuwa na zamu baadaye wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Hakuna aliyenilaumu, lakini kosa lilikuwa langu. Mgeni yule aliisoma sentensi yangu kama Mswahili yeyote ambavyo angeisoma. Ngozi kavu hupakwa mafuta. Mnyororo mkavu wa baiskeli hutiwa mafuta. Kivumishi "-kavu" katika muktadha huo kilitaja upungufu unaohitaji kuondolewa, ilhali Kiingereza kilikusudia namna ya matumizi. Makala haya yalizaliwa na tone hilo la mafuta.

2.0 Kituo cha Pamoja na Watu Wake

Ni vyema kwanza tueleze kituo cha namna hii ni kitu gani, kwa kuwa wengi wetu katika idara za lugha hatujawahi kuingia humo. Hadubini ya kawaida ya shule hubebwa kwa mkono mmoja. Hadubini za utafiti ni jambo jingine: huhitaji leza, kamera nyetivu, kompyuta, meza isiyotikisika, chumba chenye giza na joto lisilobadilika, pamoja na umeme usiokatikakatika. Mtambo mmoja wa aina hiyo huweza kugharimu mamia ya maelfu ya dola za Marekani. Kwa sababu hiyo vyuo na taasisi huviweka vifaa hivi mahali pamoja, huajiri mafundi wa kuvitunza, na kuwafungulia mlango watafiti wa idara zote.

Ushirika huu umevuka mipaka ya vyuo. Barani Ulaya, Euro-BioImaging iliundwa rasmi mwaka 2019, makao yake yakiwa Turku nchini Finland, ili mtafiti wa nchi moja aweze kutumia hadubini iliyo katika nchi nyingine. Barani Afrika, Africa Microscopy Initiative, yenye kituo chake katika Chuo Kikuu cha Cape Town, huwakaribisha watafiti kutoka nchi mbalimbali za bara hili.

Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kituo cha pamoja kina manahodha wengi kwa makusudi: mtaalamu wa mimea asubuhi, mtaalamu wa wadudu adhuhuri, daktari wa mifugo alasiri. Kinachokizuia kwenda mrama ni maelekezo yanayoeleweka kwa namna moja na kila ashikaye usukani. Hapa ndipo suala la istilahi linapokuwa suala la kifaa kudumu au kuharibika.

3.0 Urithi Tulio Nao

Kiswahili hakianzi mikono mitupu. Neno "darubini" lina asili ya Kiajemi, ambamo "dur" ni mbali na "bin" ni shina la kitenzi cha kuona. Darubini basi ni kionambali. Neno "hadubini" linaishia kwa "-bini" iyo hiyo, na katika Kiurdu, lugha iliyokopa sana Kiajemi, hadubini huitwa "khurdbin", yaani kionavidogo. Mfanyabiashara na msomi wa mwambao wa Bahari ya Hindi walikwisha kukutana katika neno hili kabla ya sisi kuliwekea kikao. Msomaji atazame kwamba maneno yote mawili yanataja kazi: moja kuona mbali, jingine kuona vidogo.

Aidha, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Nchini Tanzania, somo la sayansi limefundishwa kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi kwa miongo mingi. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliifanya lugha hii kuwa rasmi sambamba na Kiingereza. Kwa hiyo dai kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi halina mashiko. Tatizo ni kwamba maneno tuliyo nayo hukoma mlangoni mwa shule, ilhali vifaa vimeendelea mbele.

Kuna somo katika historia ya hadubini yenyewe. Robert Hooke alichapisha kitabu chake Micrographia mwaka 1665, na humo akaviita vijumba alivyoviona katika kipande cha gamba la mti kwa neno la Kiingereza lenye maana ya chumba kidogo. Ndilo hilo lililotupa "seli". Miaka michache baadaye, Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa katika mji wa Delft, Uholanzi, alitumia lenzi ndogo alizozisugua mwenyewe akawaona viumbe ambao hakuna aliyekuwa amewaeleza kabla yake. Hakujua Kilatini, lugha ya wasomi wa siku hizo. Aliiandikia Royal Society ya London kwa Kiholanzi chake cha nyumbani, na barua zake zikafasiriwa. Lugha ya nyumbani haikumzuia kuona wala kueleza alichokiona.

4.0 Kukuza si Kupambanua

Kosa la pili katika karatasi yangu halikumwaga mafuta, lakini lilikuwa zito zaidi. Neno "resolution" nililitafuta katika kamusi ya kawaida, nikapata "azimio". Nikaandika kwamba hadubini ile ina "azimio la juu". Mmoja wa Watanzania alicheka akauliza kama hadubini imekutana Arusha.

Kicheko hicho kilinilazimu nimwombe fundi anifundishe jambo lenyewe. Alinieleza kwa mfano wa barabara. Usiku, basi likija kutoka mbali sana, taa zake mbili huonekana kama taa moja. Likisogea, taa hutengana, tukajua kwamba ni mbili. Uwezo wa kuziona mbili kuwa mbili ndio unaotajwa na neno lile la Kiingereza. Kukuza ni jambo jingine kabisa. Ukipiga picha basi lile lingali mbali kisha uikuze picha hadi ijae ukuta mzima, utapata doa moja kubwa la mwanga, si taa mbili.

Tofauti hii ndiyo kiini cha elimu ya hadubini ya mwanga. Mwaka 1873, Ernst Abbe wa Jena, Ujerumani, alionyesha kwamba hadubini haiwezi kutenganisha nukta zilizokaribiana kupita kiasi fulani, hata lenzi iwe safi namna gani. Kiasi hicho hupatikana kwa kugawa urefu wa wimbi la mwanga kwa mara mbili ya kipimo kinachoonyesha upana wa koni ya mwanga ambayo lenzi inaweza kuipokea. Kwa mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa nanomita 550 na lenzi bora ya mafuta yenye kipimo cha 1.4, jibu ni takriban nanomita 200. Chembe nyekundu ya damu, yenye upana wa nanomita zipatazo 7,000 hadi 8,000, huonekana bila taabu. Virusi vingi ni vidogo kuliko mpaka huo. Ilibidi zipatikane mbinu mpya kabisa za kuuzunguka mpaka wa Abbe, nazo ndizo zilizowapa Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2014.

Sasa tuulize: je, Kiswahili kina neno la kuona viwili kuwa viwili? Kinalo, nalo ni "kupambanua". Mtu mwenye busara hupambanua kweli na uongo. Hadubini hupambanua nukta na nukta. Napendekeza "upambanuzi", na uwezo huo uitwe "nguvu ya upambanuzi". Neno hili halihitaji maelezo marefu, na lina faida ambayo hata la Kiingereza halina: haliwezi kuchanganywa na maazimio ya mkutano. Mwanafunzi akiambiwa kwamba lenzi hii hukuza sana lakini haipambanui vizuri, ameshapata nusu ya somo.

5.0 Lenzi ya Hewa na Lenzi ya Mafuta

Turudi kwenye lenzi yangu kavu. Kwa nini lenzi nyingine hutumiwa na mafuta? Mwanga ukitoka katika kioo kuingia hewani hupinda, kama vile fimbo iliyozamishwa majini inavyoonekana kuvunjika. Kipimo cha mpindo huo kwa hewa ni takriban 1.0 na kwa kioo ni takriban 1.52. Miale inayotoka katika sampuli kwa mshazari mkubwa hupindishwa ikapotea kando, isiifikie lenzi. Mafuta maalumu ya hadubini yana kipimo kilicho karibu sawa na cha kioo. Tone likijaza nafasi iliyo kati ya kioo na lenzi, miale hupita bila kupinda, koni ya mwanga hupanuka, na upambanuzi huongezeka.

Mafuta basi si ya kulainisha wala kulinda. Ni sehemu ya njia ya mwanga. Lenzi iliyotengenezewa hewa ikitiwa mafuta huharibu picha, na mafuta yakipenya kingoni huweza kuiharibu lenzi yenyewe. Jambo hili si geni kwetu. Katika zahanati nyingi za Kenya, mhudumu wa maabara hupaka tone la damu kwenye slaidi, huitia rangi ya Giemsa, kisha huongeza tone la mafuta na kuitazama kwa lenzi ya 100. Lenzi ya jicho ikiwa ya 10, ukuzaji ni mara 1,000, na vimelea vya malaria huonekana. Vimelea hivyo vilionwa kwanza na daktari Mfaransa Alphonse Laveran mwaka 1880 huko Constantine, Algeria. Lenzi ya 40 iliyo kando ya ile ya 100 kwa kawaida ni ya hewa, na ukizungusha kichwa cha lenzi bila kufuta mafuta, huchafuka.

Tulipoiandika karatasi upya, tuliziita "lenzi ya hewa" na "lenzi ya mafuta". Kila jina lilitaja kitu kinachokaa kati ya lenzi na sampuli. Wageni hawakuuliza tena.

6.0 Mwanga Uzaao Mwanga

Sehemu kubwa ya kazi ya vituo hivi leo hutegemea rangi zenye tabia ya ajabu: zikimulikwa kwa mwanga wa buluu, hutoa mwanga wa kijani; zikimulikwa kwa kijani, nyingine hutoa mwekundu. Mtafiti huishikiza rangi hiyo kwenye sehemu ya seli anayoitaka, kisha sehemu hiyo pekee hung'aa gizani. Protini mojawapo ya namna hii ilipatikana kwa yavuyavu, yule kiumbe laini wa baharini awashaye ngozi, na waliohusika kuigundua na kuiendeleza, Osamu Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008.

Nilishawishika kuiita tabia hii "mwanga wa kimulimuli". Ni jina zuri, tena la kishairi, lakini ni la uongo. Kimulimuli huwaka kwa kemikali za mwilini mwake bila kumulikwa na chochote. Rangi za hadubini hazing'ai mpaka zimulikwe. Mwanafunzi atakayelipokea jina langu angedhani kwamba taa ya hadubini yaweza kuzimwa. Hapa utohozi ni salama zaidi, nami napendekeza "floresensi". Tuwe wakweli kwamba neno la kupendeza linalopotosha ni baya kuliko neno la kigeni lisilosema kitu. Hali kadhalika kwa "hadubini konfokali", iliyobuniwa na Marvin Minsky, aliyeomba hataza yake mwaka 1957: kitundu kidogo huuzuia mwanga unaotoka juu na chini ya kina kinachotazamwa, hivyo sampuli husomwa tabaka kwa tabaka kama mkate uliokatwa vipande.

Hata hivyo, jambo moja katika eneo hili lilikuwa na jina tayari. Rangi hizo zikimulikwa muda mrefu hufifia zisirudi tena. Kiingereza hutumia neno la kupausha nguo kwa dawa. Nilipokuwa nikitafuta kisawe, Mtanzania yule aliyecheka alisema, "Zimechujuka tu, kama kanga iliyoanikwa juani." Mimi kwetu husema leso, yeye kanga, lakini wote wawili tunajua ni nini kuchujuka. Hakuna istilahi bora kuliko hiyo, kwa kuwa inabeba hata onyo: usiiache rangi juani, yaani usiache taa ikiwaka bila sababu.

7.0 Lugha ya Huduma

Kituo hutoa huduma, na huduma nazo zina maneno yake. Karatasi ya Kiingereza ilisema mtumiaji "ahifadhi muda" wa mtambo. Kiswahili kina neno fupi la ushirika wa namna hii, nalo ni "zamu". Mtumiaji huandikisha zamu, hushika zamu, hukabidhi zamu. Neno hili linakumbusha kwamba kuna aliyetangulia na kuna anayefuata, na kwamba kifaa hukabidhiwa kikiwa safi. Vilevile kuna mafunzo kabla ya ruhusa ya kutumia, ada ya kila saa, na daftari la matumizi ambamo hitilafu huandikwa bila kufichwa.

Neno moja linatuhusu sisi wa fasihi hasa. Kiingereza hutumia neno moja kwa picha ya hadubini na kwa kile tunachokiita taswira katika ushairi. Kiswahili kinayo mawili, na tusiyachanganye. Taswira huundwa na maneno akilini mwa msomaji, na kila msomaji ana haki ya kuiona kwa namna yake. Picha ya hadubini ni jedwali la namba, kila nukta na kiwango chake cha mwanga. Mtafiti akiongeza mwangaza sehemu moja ili matokeo yapendeze, hajapamba taswira, amebadilisha ushahidi. Nashauri karatasi za vituo ziseme "picha" daima, na "kurekebisha picha" kutofautishwe waziwazi na "kughushi picha".

8.0 Mapendekezo

Wataalamu wa istilahi wametuwekea vigezo. Kiingi wa Uganda alivikusanya chini ya jina PEGITOSCA, vikiwemo usahihi, uwekevu wa maneno, uangavu na kukubalika. Makala haya hayavipingi. Yanaongeza tu kwamba usahihi na uangavu haviwezi kupimwa mezani pa mfasiri peke yake. Neno "lenzi kavu" lilikuwa fupi, la Kiswahili na rahisi kutamka. Lilianguka lilipofika mkononi mwa mtumiaji. Kwa msingi huo tunapendekeza:

(a) upambanuzi: uwezo wa kuonyesha nukta mbili kuwa mbili; lisitumiwe "azimio";
(b) ukuzaji: kuongeza ukubwa wa kionekanacho; lisitumiwe badala ya upambanuzi;
(c) lenzi ya jicho na lenzi ya sampuli: kila moja kwa kitu iliyo karibu nacho;
(d) lenzi ya hewa na lenzi ya mafuta: kwa kitu kinachojaza nafasi kati ya lenzi na sampuli;
(e) jukwaa: mahali slaidi inapowekwa; tafsiri hii ya neno kwa neno inafaa, kwani jukwaani ndipo kitu huwekwa kitazamwe;
(f) kikusanya mwanga: lenzi iliyo chini ya jukwaa;
(g) floresensi, slaidi, leza: kwa utohozi;
(h) kuchujuka: rangi kupoteza mng'ao wake kwa kumulikwa;
(i) zamu: muda wa mtumiaji kwenye mtambo.

Njia ya kuzijaribu ni nyepesi. Mpe karatasi mtu ambaye hajaisoma ya Kiingereza, msimamishe mbele ya kifaa, kisha unyamaze. Mkono wake utakueleza kama istilahi imefaulu.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mfasiri anayefuata neno la kigeni huweza kufika mahali ambapo kifaa hakipo. Anayekifuata kifaa, wakati mwingine atarudi na neno la nyumbani kama "kuchujuka", na wakati mwingine atarudi na mkopo kama "floresensi". Njia zote mbili ni halali, mradi ametembea mpaka huko.

Chama chetu kina wanachama wengi, nazo idara za sayansi ziko hatua chache kutoka maktaba yetu. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya tasnifu na aombe ruhusa ashinde siku moja katika maabara, akisikiliza mafundi wanavyoviita vifaa wanapozungumza wenyewe kwa wenyewe. Huko tayari kunazungumzwa Kiswahili, na mara nyingi ni sahihi kuliko changu cha karatasi. Karatasi yetu ya pili ingali imebandikwa ukutani mwa kituo kile, na chini yake fundi ameongeza kwa kalamu mstari mmoja wa kwake: "Ukimaliza na lenzi ya mafuta, futa kabla ya kumkabidhi mwenzako."